Asilimia Tano ya Damu Yako

Wiki hii unaingia usiku. Ijayo mchana. Ya tatu asubuhi, na mwili ukianza tu kuelewa, unarudishwa usiku. Halafu presha imepanda, unalaumu chumvi!

Amka, ndugu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako: kimo ndani ya hiyo sare.

Nimezunguka zamu kiwandani miaka tisa. Naujua usingizi wa saa 6 mchana chini ya bati linalowaka, watoto wakinyamazishwa wasimwamshe baba. Naujua ugali wa saa 8 usiku na kiungulia kinachochoma hadi alfajiri. Tukaambiana tumeuzoea usiku.

Usiku hauzoeleki! Sisi Waswahili tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Mwilini nako imo saa, nayo inarekebishwa na mwanga. Waliochambua jinsi inavyofanya kazi, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Saa hiyo ndiyo inayopanga lini presha ishuke, moyo upumzike, na lini mwili uwe tayari kupokea chakula. Kula usiku wa manane, sukari inapanda zaidi kwenye damu kuliko kama ungekula sahani ileile asubuhi. Mara moja si kitu. Miaka kumi je? Bandu bandu huisha gogo.

Kisukari. Moyo. Saratani. Ndiyo, saratani! Mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitia kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili kwenye kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani. Mwaka 2019 wakaipima upya kazi ya usiku, wakaiacha palepale. Denmark imewalipa fidia baadhi ya wanawake waliopata saratani ya matiti baada ya miaka mingi ya kukesha kazini.

Wewe umelipwa nini?

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu usiku tangu saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa inaiwekea nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Asilimia tano! Na wenzetu wangapi hata hiyo hawajawahi kuiona?

Sheria hiyohiyo inasema daktari akithibitisha kwamba usiku haukufai, mwajiri akuhamishe, inapowezekana. Nani kati yetu amewahi kuidai? Tunaogopa kuitwa wavivu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tunaficha kisukari mpaka mguu unakatwa.

Usiniambie njaa. Njaa naijua. Lakini kuna njaa gani inayokataza ratiba ipangwe asubuhi, mchana, kisha usiku, badala ya kuturudisha kinyumenyume? Njaa gani inayokataza mwajiri atupime sukari na presha kila mwaka kwa fedha yake?

Kikao cha tawi la chama cha wafanyakazi ni lini? Na usiniambie siku hiyo utakuwa umelala.