Heri Si Furaha

Wako wasomi wafundishao kwamba Wagiriki wa kale walitafuta furaha, na kwamba Aristotle aliandika kitabu cha kuonyesha njia ya kuipata. Kosa hili ni la neno moja, lakini limepotosha kitabu kizima. Neno la Kigiriki ni eudaimonia. Furaha huja asubuhi ikaondoka jioni. Mlevi anayo, na mtoto mchanga anayo. Aristotle, aliyezaliwa Stagira mwaka 384 kabla ya Kristo, alikataa kumwita mtoto mwenye eudaimonia, kwa sababu umri wake haujamwezesha kutenda matendo ya wema. Akamnyima sifa hiyo hata Priam, mfalme wa Troy, ambaye uzee wake uliishia katika msiba. Je, ni furaha gani hiyo ambayo mtoto achekaye hanayo?

Neno lifaalo limo katika Kiswahili tangu zamani, nalo ni heri. Heri ni jina la jambo jema, na ni jina la hali ya mtu aliyejaliwa. Wema na neema vimo ndani yake pamoja. Tena heri haipimwi kwa kicheko. Katika habari aliyoisimulia Herodotus, Croesus, mfalme tajiri wa Lydia, alitazamia kutajwa kuwa mwenye heri kupita watu wote. Solon akamtaja Tellus, raia wa Athens aliyewaona wajukuu wake, akafa akiupigania mji wake. Maiti hana furaha.

Atakayepinga atasema kwamba heri ina harufu ya bahati. Ni kweli, na neno la Wagiriki lina harufu iyo hiyo. Aristotle alikiri kwamba mtu huhitaji marafiki na mali kiasi, ingawa Wastoiki walisema baadaye kwamba wema peke yake watosha.

Kosa la pili ni kufasiri arete kuwa wema tu. Mwanafalsafa huyo alinena juu ya arete ya jicho na ya farasi, na hapana asifuye jicho kwa ukarimu wake. Ubora ndilo neno. Ubora wa jicho ni kuona vyema. Ubora wa mtu ni kuitumia akili vyema katika vitendo, na heri ni kutenda hivyo maisha yote.

Hapa wapenzi wa Aristotle hunyamaza, nao hawana haki ya kunyamaza. Katika sehemu ya 10, iliyo ya mwisho, ya kitabu hicho hicho, alisema kwamba hakuna ampaye mtumwa fungu la heri. Lakini katika kitabu chake cha siasa alikubali kwamba mtumwa huitambua akili. Basi amefungiwa mlango kwa hoja gani? Wala haifai kumtetea kwa kusema kwamba zama zake hazikujua vinginevyo. Yeye mwenyewe alitaja watu waliosema kwamba utumwa ni kinyume cha maumbile na umesimama juu ya nguvu. Nao wasia wake, kama ulivyohifadhiwa na Diogenes Laertius, uliamuru baadhi ya watumwa wake waachwe huru, na vijana waliomtumikia wasiuzwe, bali wapewe uhuru wafikapo umri, wakistahili. Kustahili huko kungepimwa kwa kitu gani, ikiwa si kwa ubora wa matendo yao?