Hendikepi si Sadaka

Tangu kufunguliwa kwa muhula huu haijapita jioni bwenini pasipo ubishi juu ya mashindano yetu ya gofu ya wawili wawili, ambayo kila mwanafunzi huunganishwa na mwanafunzi wa zamani mmoja. Wako wasemao hendikepi iondolewe, maana ni sadaka wapewayo wasiojua kucheza. Wengine wasema hendikepi ibaki, lakini kila mtu apige mpira wake, ili aliye dhaifu asimharibie mwenzake. Mimi sikubaliani na hao wala hao, na sababu yangu nitaieleza bila kuficha, ijapokuwa yaniaibisha.

Kwanza yafaa tulifahamu neno lenyewe, kwa ajili ya ndugu zetu wadogo ambao gofu wameiona kwa mbali tu. Kila kiwanja kina hesabu ya mapigo ambayo mchezaji hodari hutazamiwa kumaliza nayo mashimo 18, na mara nyingi ni 72. Asiye hodari huzidisha, na hendikepi ni kadiri ya kuzidisha kwake. Mwenye hendikepi 24 akimaliza kwa mapigo 96, hutolewa 24, akahesabiwa 72. Tangu mwaka 2020 nchi nyingi za dunia zafuata kanuni moja: hutazamwa kadi 20 za mwisho za mchezaji, zikachaguliwa 8 zilizo bora, ukatafutwa wastani wake baada ya kupimwa na ugumu wa kiwanja. Basi hapo sadaka iko wapi? Hendikepi ni habari ya mtu, iliyoandikwa kwa mapigo yake mwenyewe.

Wanaotaka iondolewe hutaja mashindano ya Ryder Cup, yaliyoanza mwaka 1927, ambayo mabingwa hucheza wawili wawili pasipo hendikepi. Ni kweli, lakini wale wote ni mabingwa. Ukiwapambanisha watu walio karibu kulingana huna haja ya mizani. Sisi tunamchukua kijana aliyeanza juzi tukamweka na mtu aliyecheza miaka 20 katika viwanja vya Entebbe, Kitante na Jinja. Pasipo mizani, mshindi atajulikana siku ya kugawa majina.

Sasa natuchukue jozi moja, mmoja ana hendikepi 8 na mwenzake 24, tuone jinsi hesabu inavyobadilika kwa namna ya mchezo. Katika foboli kila mmoja hupiga mpira wake, na katika kila shimo huandikwa hesabu iliyo bora kati ya zao mbili. Wakihesabu mapigo, kila mmoja hupewa asilimia 85 ya hendikepi yake: wa kwanza 7, wa pili 20. Kwa nini wasipewe yote? Kwa sababu wawili hawakosei shimo moja kila mara. Huyu akianguka yule husimama, na msaada huo tayari ni faida.

Katika fosomu mpira ni mmoja. Mmoja huanza mashimo ya 1, 3, 5 na kuendelea, mwenzake huanza ya 2, 4, 6, kisha hupokezana pigo kwa pigo mpaka mpira uingie. Hapo hujumlishwa hendikepi zote mbili zikagawanywa nusu: 8 na 24 ni 32, nusu yake 16. Katika grinsomu wote wawili huanza, huchaguliwa mpira mmoja, ndipo wapokezane. Basi aliye hodari huhesabiwa asilimia 60 na mwenzake 40, nao hupata 14. Katika skrambo huchagua pigo lililo bora kila mara, na kwa kuwa hilo ni jambo jepesi, hupewa asilimia 35 ya ndogo na 15 ya kubwa, yaani mapigo 6 tu. Mtaona kwamba kanuni haikuangalia huruma. Yauliza jambo moja: mwenzako anakusaidia kiasi gani?

Na sasa niseme langu. Nilianza kuwabebea watu mifuko ya fimbo wakati wa likizo nilipokuwa na miaka 16, nikajifunza kwa kutazama, na jioni nikaruhusiwa kucheza. Mwaka jana, kabla ya mashindano, kadi zangu mbaya nilizipeleka kwa karani, na zilizo nzuri nilizikunja nikatia mfukoni. Sikutunga hata namba moja. Kila nilichopeleka kilikuwa kweli. Uwongo ulikuwa katika nilichobakiza. Hendikepi yangu ikakaa 24, nami nilikuwa mtu wa 18.

Tulicheza fosomu. Mwenzangu alikuwa na 8, nasi tukapewa 16. Lakini 8 na 18 ni 26, na nusu yake ni 13. Mapigo 3 hayakuwa yetu, na tulishinda kwa mapigo 2. Mwenzangu alikiinua kikombe akawaambia watu kwamba kijana huyu amecheza kuliko hendikepi yake. Walionifuata walikuwa mvulana wa kidato cha pili na mtu aliyesafiri kwa basi tangu alfajiri ili acheze naye. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliiona ndefu sana, kutoka kiwanjani mpaka bwenini. Baada ya majuma matatu nilimwandikia mwenzangu barua. Alikirudisha kikombe wapewe wale wawili, wala jina langu hakulitaja. Leo nasema mwenyewe.

Ndiyo maana nataka fosomu ibaki. Katika foboli mpira ukinishinda nauokota, naye mwenzangu huendelea, wala hapana aulizaye nilikuwa wapi. Katika mpira mmoja, nikiutupa majanini yeye ndiye atakayeutoa. Na namba yangu ikiwa ya uwongo, nusu ya uwongo huo yabebwa na mtu asiyeujua. Mchezo wa namna hii humfundisha mtu kwamba sifa yake si mali yake peke yake.

Wasemao kwamba wadogo wataona haya wana haki kidogo, maana katika fosomu kosa huonekana. Kwao na iwepo skrambo siku ya kwanza, wazoee. Lakini mashindano yenyewe yawe fosomu, kwa nusu ya jumla. Nami naongeza ombi moja: juma moja kabla, kadi zote za kila mchezaji, nzuri na mbaya, zibandikwe kwenye ubao ulio karibu na chumba cha kulia, na wenzetu tuliocheza nao waziangalie kama zimetimia. Mimi nitakuwa wa kwanza kubandika zangu. Wanafunzi wa zamani watakaosoma maneno haya nawaomba watuandikie shauri lao mapema, kabla majina hayajaunganishwa.