Kambi za michezo: mzazi aambiwe kwa lugha anayoielewa

Likizo ya Agosti inapowadia, viwanja vingi vya shule na vya makanisa humu nchini hujaa watoto. Kipenga hulia asubuhi na mapema, mipira ikatolewa maguniani, na watoto wakagawanywa katika timu zilizopewa majina ya wanyama au ya mitume. Hizi ndizo kambi za michezo zinazoandaliwa na Wakristo kwa ajili ya watoto wa mitaani mwao. Asubuhi huwa na wimbo, sala na kisa kutoka Biblia. Baadaye kandanda, voliboli, mpira wa pete na mbio za kupokezana vijiti.

Mimi ni miongoni mwa wanaoziunga mkono kambi hizi, tena kwa dhati. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Ingawa wapo wanaoikiuka kichinichini, sheria hiyo ilikusudia kumrudishia mtoto siku zake za kupumzika. Lakini siku hizo zapaswa kujazwa na nini? Mama anayeuza mboga sokoni tangu alfajiri hana wa kumwachia mwanawe, naye baba anayeshinda kibaruani hali kadhalika. Kanisa linapofungua lango lake na kusema, leteni watoto wacheze, linatenda jambo la utu.

Isitoshe, uhusiano wa Ukristo na michezo haukuanza jana. Chama cha vijana Wakristo cha YMCA kilianzishwa London mwaka 1844, na ni katika taasisi zake za Marekani ambako michezo miwili tuipendayo ilizaliwa. James Naismith, mwalimu aliyekuwa amesomea theolojia, alibuni mpira wa vikapu huko Springfield mwaka 1891. Naye William Morgan akabuni voliboli huko Holyoke mwaka 1895. Hapa kwetu, Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland, alifika Iten mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St Patrick's, na kambi zake za wanariadha chipukizi wakati wa likizo zikajulikana ulimwengu mzima. Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012.

Basi tatizo langu ni nini? Tatizo langu ni barua.

Miaka michache iliyopita kanisa moja mjini Voi liliandaa kambi ya siku tano, nami nikaombwa kuandika barua ya kuwaalika wazazi. Niliiandika kwa Kiingereza, na sitaficha kwamba nilijivunia ufasaha wake. Aya ya kwanza ilieleza michezo, ya pili ikataja chakula cha mchana. Mwishoni kabisa, kwa maneno ya kitaaluma yasiyo na maana ya moja kwa moja, nilidokeza kwamba kambi ingejumuisha malezi ya kiroho. Chini yake palikuwa na nafasi ya mzazi kutia sahihi.

Siku ya tatu mama mmoja, jirani yetu Mwislamu, alinijia akiwa amemshika mwanawe mkono. Hakupaza sauti.

"Mwalimu," aliniambia, "huyu nilimleta kucheza mpira. Jana amerudi nyumbani akiimba nyimbo za kanisani."

Nikamjibu kwamba jambo hilo lilikuwamo katika barua aliyoitia sahihi.

"Barua niliiona, mwalimu. Kijana wa jirani alinisomea, akaniambia ni ya mpira. Mimi sikatai nyimbo zenu. Nakataa kutoambiwa."

Sikuwa na jibu. Mimi ambaye riziki yangu ni kuwafundisha vijana jinsi lugha inavyofichua na inavyoficha, ndimi niliyekuwa nimetumia lugha kuficha. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kinyozi hajinyoi.

Naomba tulitafakari jambo hili kwa makini, maana si la Voi pekee. Sahihi ya mzazi si wino tu. Ni kauli yake kwamba ameelewa na amekubali. Maadamu hakuelewa, hakukubali, hata kama jina lake limo katika karatasi. Katiba yetu ya mwaka 2010 inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unampa mtoto haki ya kucheza katika kifungu cha 31, na katika kifungu cha 14 unatambua uhuru wake wa dini pamoja na wajibu wa wazazi kumwelekeza. Haki hizo mbili hukutana pale langoni pa kambi, na daraja pekee baina yazo ni mzazi aliyeelezwa ukweli.

Kuna sababu nyingine, nayo ni chungu. Mwaka 2023 taifa hili lilishuhudia maafa ya Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watoto. La hasha, sifananishi kambi ya kandanda na unyama ule. Ninalosema ni kwamba tangu wakati huo mzazi ana haki ya kuuliza maswali marefu mtu yeyote anapomwambia, niachie mtoto wako kwa jina la Mungu. Nasi tunaoandaa kambi tusimwone kuwa adui wa imani. Anafanya kazi yake ya uzazi.

Wenzangu kadhaa wamenipinga. Wa kwanza husema kwamba tukieleza kila kitu waziwazi, baadhi ya watoto hawatakuja. Huenda ni kweli. Lakini tukikiri kwamba watoto huja kwa sababu tu wazazi wao hawajui, tumekiri pia kwamba mpira wetu ni chambo na mtoto ni samaki. Naismith, pamoja na theolojia yake yote, aliandika kanuni 13 za mchezo wake na kuzibandika ukutani kabla ya mpira kurushwa. Kila aliyeingia uwanjani alijua anachoingilia. Je, sisi tunashindwaje kufanya hivyo?

Wa pili husema kwamba Kiingereza huipa kambi heshima na kuwavutia wafadhili. Basi wafadhili waandikiwe yao kwa Kiingereza. Barua ya mzazi ni ya mzazi, na heshima ya kambi itapimwa kwa jinsi inavyomtendea yule asiye na cha kufadhili.

Kwa hivyo napendekeza mambo haya. Mosi, barua iandikwe kwa Kiswahili sanifu na chepesi, na pale ambapo lugha ya mama ndiyo inayotawala, isomwe kwa lugha hiyo kanisani, msikitini na katika baraza la chifu. Pili, itaje saa ya sala na saa ya michezo, na iseme waziwazi kwamba mtoto asiyehudhuria sala hatapoteza nafasi yake katika timu. Tatu, itaje majina ya watu wazima watakaokuwa na watoto, na nambari ya simu ya atakayejibu mzazi akiwa na shaka. Pia iahidi kwamba hakuna mtu mzima atakayejitenga faraghani na mtoto mmoja. Nne, fulana, soda au mpira visitolewe kamwe kama tuzo ya mtoto kutangaza kwamba ameokoka. Imani inayonunuliwa kwa fulana haitadumu kuliko fulana yenyewe.

Nawageukia walimu wenzangu. Barua hizi mara nyingi hupitia mikononi mwenu siku ya kufunga shule. Zisomeni kabla ya kuzigawa, na isiyoeleweka irudisheni ilikotoka. Nanyi wanafunzi wa vyuo, ambao ndio makocha wa kambi nyingi, mzazi anapowauliza langoni kuna nini ndani, msimjibu kwa neno moja la mpira. Mwelezeni yote.

Mwaka uliofuata niliiandika barua upya, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Baadhi ya wazazi waliisoma na kukataa, tukawashukuru. Yule mama aliisoma akiwa amesimama mbele yangu, kidole chake kikifuata mistari, kisha akaikunja na kuitia mkobani bila kusema neno. Siku ya kwanza ya kambi mwanawe hakuonekana asubuhi. Saa nne kamili, saa ambayo barua ilisema sala zitakuwa zimekwisha na michezo inaanza, alifika langoni akiwa na mamaye, viatu vya mpira vikining'inia begani.