Ua la mpangaji hili hapa!

Kuna watu wanaamini maua ni mambo ya wakubwa wa Capri Point. Sisi wa Mabatini na Igogo, tuliobanwa katikati ya majabali, eti yetu ni ya plastiki juu ya redio, yanayofutwa vumbi Krismasi hadi Krismasi. Nakataa!

Msomaji wangu, wiki hii nakuletea ua fupi, halivuki shibiri moja, lenye majani mazito ya vinywele laini na maua ya zambarau. Jua kali linaliunguza; raha yake ni kivuli. Jina la kawaida ni vayoleti ya Afrika. Wengi tukiliona pichani, limekaa dirishani kwa Mzungu, tunadhani ni la Ulaya. Thubutu! Huyu ni Mbongo mwenzetu, kwao ni Tanga, misitu ya Usambara.

Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa huko Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 likapewa jina la ukoo wao: Saintpaulia. Leo linauzwa dunia nzima, sisi tunapangusa plastiki!

Sasa sikia utamu. Kule Usambara ua hili huota kwenye miamba yenye unyevu, chini ya miti mikubwa. Mwamba na kivuli! Mwanza tunakosa nini? Ila usilipande jiweni; jiwe letu la saa saba mchana linakaanga chapati.

Tafuta kopo, litoboe chini. Changanya udongo wa majani yaliyooza, mchanga na vipande vidogo vya mkaa. Liweke barazani penye mwanga, lakini jua lisilipige wala mvua isilirushie. Maji weka kwenye kisahani chini ya kopo, ngoja nusu saa, yaliyobaki mwaga. Maji juu ya majani huacha madoa. Yakituama kwenye mizizi, ua linaoza.

Huna hela ya mche? Omba jani moja na kikonyo chake, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Miezi miwili mitatu, watoto wanachungulia. Dada mmoja jirani yangu nilimpa jani moja tu, akafikisha makopo sita. Mwenye nyumba alipopandisha kodi, dada akahama na makopo yake. Ua la ardhini hubaki kwa mwenye nyumba, la kopo huondoka na mpangaji.

Ombi langu moja: ukienda kutembea Amani, using'oe la porini. Misitu ile imekatwa sana, na aina nyingine za ua hili zimebaki sehemu chache mno. Likiisha kwao, tutaliagiza Ulaya kwa fedha za kigeni, na hiyo, bwana wee, ni aibu ya kujitakia.

Tukutane wiki ijayo.