Pomboo wa Kizimkazi na Mapenzi Yasiyowapa Nafasi

Msimu wa wageni ukipamba moto, boti za Kizimkazi, kusini mwa Unguja, hutoka alfajiri kuwasaka pomboo. Kundi likionekana, boti ya kwanza hulisogelea, ya pili hulizunguka, ya tatu hulikatia njia. Wageni huruka majini. Pomboo huzama, huibukia mbali, na mbio huanza upya.

Wapo wanaotaka biashara hii ipigwe marufuku. Kabla ya kuwaunga mkono, tutazame ilipoanzia. Hadi miaka ya 1990 pomboo wa hapa walikuwa wakiwindwa ili wawe chambo cha papa. Utalii ulipoingia, pomboo hai akawa na faida kuliko mfu, na uwindaji ukakoma. Mwaka 1997 Ghuba ya Menai ikatangazwa eneo la hifadhi. Anayedai marufuku leo aseme kesho mwanakijiji atamlinda pomboo kwa sababu gani.

Hata hivyo, kuponyoka chusa si kuishi kwa raha. Watafiti waliowafuatilia pomboo hawa wamebaini kuwa boti zinapowaandama, muda wao wa kupumzika hupungua. Mnyama huyu si wa kuongezeka haraka: jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa ndama mmoja, kisha hupita miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Katika ghuba hii yumo pia pomboo mwenye nundu, ambaye spishi yake imo katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Ni rahisi kumlaumu nahodha. Lakini mgeni ameahidiwa kuogelea na pomboo, na nahodha akikaa mbali kwa adabu, jirani yake atasogea na kuondoka na bakshishi. Mwongozo wa hiari humwadhibu anayeufuata. Dawa ni kanuni inayowabana wote: zamu za boti, idadi yenye kikomo kwa kila kundi, bei moja isiyoshushwa ufukweni, na tiketi ya kutazama badala ya kuogelea. Watakuwepo wageni watakaokataa, na kipato cha mwanzo huenda kikapungua. Ila hasara hiyo hugawanywa na kufidiwa kwa bei. Pomboo wakihama, hakuna wa kufidia.

Mizani haikamiliki bila kuzitazama nyavu za jarife. Nyavu hizi hunasa pomboo wasiokusudiwa, nao hufa kwa kukosa hewa kwa kuwa hawawezi kuibuka kupumua. Kifo hicho hakina mtazamaji, kwa hiyo hakina kelele. Tunakasirikia boti kwa sababu tunaziona, huku wavu ukiendelea na kazi yake usiku. Na mvuvi wa jarife mara nyingi hapati hata shilingi ya mgeni. Kumtaka awapende pomboo kwa hasara yake mwenyewe si haki.

Basi sehemu ya tiketi imfikie na yeye, kwa kumwezesha kubadili zana au kutotega katika maeneo wanayopendelea pomboo. Utalii uliwanusuru pomboo kwa kumpa mwindaji sababu ya kuacha. Mvuvi wa jarife anastahili sababu kama hiyo, na nahodha anastahili kanuni itakayomruhusu kukaa mbali bila kulala njaa.