Nyumba mpya zikiongezeka, nani alipie zahanati?

KWA familia nyingi za mjini, hesabu ya kujenga huanza na kiwanja, ikaja tofali, saruji, nondo na bati, ikaishia kwa fundi. Siku ya kuhamia ikifika, watu huomba dua, hula pilau na kushukuru kwamba habari ya kumlipa mwenye nyumba kila mwezi imekwisha.

Hesabu nyingine huja wiki chache baadaye. Mtoto anapata homa usiku, na zahanati ya jirani ni ileile iliyojengwa wakati eneo lina nyumba za kuhesabika. Mama mwenye mtoto mchanga anatoka alfajiri ili awahi foleni ya kliniki. Maji yanaletwa na boza. Mvua kubwa ikinyesha, shimo la choo la nyumba ya juu linatiririkia uani kwa wa chini, na wiki hiyo watoto wa mtaa mzima wanaharisha.

Hakuna aliyefanya kosa. Watu wameongezeka, huduma hazikuongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao ni zaidi ya watu milioni moja katika miaka 10, na kila mmoja anahitaji maji, choo na mahali pa kutibiwa.

Swali linalowagawa majirani ni moja: nani alipie? Aliyehamia jana, aliyekuwepo tangu zamani, au serikali kwa kodi za wote?

Babu, mjukuu na Dola 23,420

Swali hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na lilianzia kwenye jambo la kifamilia kabisa.

George Sheetz, mkazi wa wilaya ya El Dorado katika jimbo la California, alitaka kuweka nyumba ya kawaida ya kuunganishwa kwenye kiwanja chake. Yeye na mkewe walipanga kumlelea humo mjukuu wao. Alipoomba kibali cha ujenzi, aliambiwa alipe kwanza Dola 23,420, takriban Sh milioni 60 kwa thamani ya wakati kesi inaamuliwa. Fedha hizo zilikuwa za kupanua barabara, kwa maelezo kwamba nyumba mpya huongeza magari.

Mwaka 2016 alilipa huku akipinga, akapata kibali, kisha akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa kwamba kiasi hicho kilitoka kwenye jedwali la viwango linalotazama aina ya jengo na eneo lilipo. Hakuna aliyepima nyumba yake moja ingeongeza msongamano kiasi gani.

Malipo ya namna hii ni ya kawaida Marekani. Anayejenga hulipa mara moja, kabla ya kibali, kwa ajili ya barabara, shule, bustani, zimamoto au majitaka. California inayatumia sana, na sababu mojawapo ni kura ya maoni ya Juni 1978. Wananchi waliamua kodi ya majengo isizidi asilimia moja ya thamani, na thamani hiyo isipandishwe zaidi ya asilimia mbili kwa mwaka hadi nyumba itakapouzwa. Wazee waliokuwa na hofu ya kupoteza nyumba zao kwa kushindwa kodi walipumua. Lakini mamlaka za miji zilibaki na mfuko mwembamba, zikawageukia wanaojenga upya.

Matokeo yake, aliyenunua nyumba miaka 40 iliyopita anaweza kulipa kodi ndogo sana kuliko jirani yake aliyenunua juzi, ingawa wanatumia barabara moja. Mzigo umeelekea kwa vijana wanaoanza familia.

Mahakama ilisema nini

Zamani mahakama hiyo ilikwisha kuweka masharti mawili, katika kesi za mwaka 1987 na 1994. Kwanza, anachodaiwa mjenzi kiwe na uhusiano na tatizo ambalo ujenzi wake unaleta. Pili, kiwe na uwiano na ukubwa wa tatizo hilo. Mahakama za California zilikuwa zikisema masharti hayo hayahusu tozo iliyopitishwa na baraza kwa watu wote, ila ile ambayo ofisa anampangia mtu mmoja mmoja.

Aprili 12, 2024, majaji wote tisa walikubaliana na Sheetz katika hoja hiyo. Uamuzi ulioandikwa na Jaji Amy Coney Barrett ulisema tozo haikwepi masharti hayo kwa sababu tu imepitishwa na baraza. Mahakama haikusema kiasi alichotozwa ni kikubwa mno. Ilirudisha kesi kwenye mahakama za California.

Masharti hayo mawili yanaeleweka vizuri zaidi kwa mfano wa zahanati. Chukua zahanati iliyojengwa kuhudumia watu 10,000, lakini sasa inahudumia 14,000. Nyumba mpya zinaleta wengine 2,000. Ili itoshe wote, inabidi ipanuliwe kwa watu 6,000 zaidi. Wageni ni 2,000 kati ya hao 6,000, yaani theluthi moja. Wakidaiwa theluthi moja ya gharama, wametendewa haki. Wakidaiwa gharama yote, wanalipia upungufu uliokuwepo kabla hawajafika. Na wakidaiwa kwa ajili ya zahanati halafu fedha ikajenga ofisi ya mtendaji, uhusiano umevunjika.

Jengo halitibu mgonjwa

Tozo hizi zina kasoro mbili ambazo kila familia inapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni kwamba anayelipa kwa mkono si lazima awe ndiye anayebeba. Kampuni ya ujenzi ikitozwa, inaweza kuongeza bei ya nyumba. Mwenye nyumba akitozwa, anaweza kupandisha kodi ya pango. Ndiyo maana California imeanza kulegeza. Tangu mwaka 2020, nyumba ya uani isiyofikia takriban mita za mraba 70, kama ile ambayo familia humjengea bibi au kijana anayeanza kazi, haitozwi malipo hayo.

Ya pili ni ya kiafya zaidi. Fedha ya tozo hulipwa mara moja, wakati jengo linajengwa. Mshahara wa muuguzi ni kila mwezi. Dawa, chanjo, umeme wa jokofu la chanjo na maji ya chumba cha kujifungulia ni vya kila siku. Tozo inaweza kusimamisha kuta na kununua vitanda, lakini gharama za uendeshaji zinahitaji kodi inayoingia mwaka hadi mwaka.

Hapa nyumbani

Tanzania nayo ina mifano yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa viwanja 20,000 ulipima maeneo ya pembezoni mwa Dar es Salaam kama Bunju, Mbweni, Kibada na Buyuni. Bei ya kiwanja ilibeba gharama za fidia, upimaji na kufungua barabara, yaani mnunuzi alichangia maandalizi ya eneo. Maeneo ya shule na zahanati yalitengwa kwenye ramani. Lakini kutenga eneo si kujenga, na kuna waliohamia wakaishi miaka mingi wakisubiri maji na umeme.

Mfano mwingine ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 ilianza kukatwa kwenye umeme wa LUKU, Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda hadi Sh1,500. Ni kodi inayoingia kila mwezi, jambo ambalo tozo ya mara moja haliwezi. Lakini wapangaji walilalamika mapema: anayenunua umeme ni wao, mwenye jengo ni mwingine. Serikali ilieleza kwamba kodi hiyo ni ya mmiliki na mpangaji anastahili kufidiwa. Katika nyumba nyingi za kupanga, fidia hiyo inategemea uelewano.

Wa tatu ni michango ya nguvu za wananchi. Mtaa au kijiji kinachanga mchanga, tofali na fedha, boma la zahanati linasimama, halmashauri inaombwa kupaua na kumalizia. Kazi hiyo imesaidia wengi. Lakini mjane anayeuza vitumbua na mwenye nyumba nne za kupangisha wakidaiwa kiasi kilekile, uwiano unakosekana. Na boma lililokaa miaka bila bati huota majani huku wajawazito wakiendelea kupanda bodaboda kwenda mbali.

Familia ifanye nini

Kabla ya kulipia kiwanja au nyumba mpya, familia ijiulize haya:

• Zahanati ya karibu iko umbali gani kwa miguu, na ina wauguzi wangapi?

• Eneo la zahanati na shule kwenye ramani bado lipo, au limekwisha kuvamiwa? Ofisi ya ardhi ya halmashauri ndiyo ya kuulizwa.

• Maji yanatoka wapi, na choo kitajengwa umbali gani kutoka kisimani?

• Bei ya kiwanja inajumuisha barabara na mabomba, au hayo ni malipo mengine?

Kwa waliokwisha kuhamia, mahali pa kuuliza ni mkutano wa mtaa. Mchango ukitangazwa, mwananchi ana haki ya kuuliza unajenga nini hasa, umepigiwa hesabu gani, wasio na uwezo wamefikiriwaje, na jengo likikamilika nani analeta watumishi na dawa. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu na risiti. Mchango wa mtaa nao uwe na stakabadhi, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya waliochanga.

Mpangaji anayekatwa kodi ya majengo kwenye LUKU atunze ujumbe wa kila manunuzi. Mwisho wa mwaka ajumlishe, kisha azungumze na mwenye nyumba kwa upole akiwa na hesabu mkononi.

Wenyeji nao wawapokee wageni. Kwenye foleni ya kliniki, mtoto wa aliyehamia jana na wa aliyezaliwa hapo wanakaa benchi moja, na mmoja akikosa chanjo ya surua, mwingine naye yuko hatarini.