Mbatata za Kikorea Katika Siku za Kusi



Kusi inapokaza, sisi wa Siyu huanza kuhesabu siku za samaki. Madau hubaki yamefungwa, na mwenye kupata changu mmoja humkata vipande vingi ili kila sahani ipate japo harufu yake. Mbatata haina msimu wa kuogopa bahari kama mvuvi. Huja kutoka bara kwa magunia, ikavushwa hadi Mtangawanda, ikafika madukani kwetu imechoka kidogo lakini yafaa. Ndiyo sababu juma hili nimechagua chakula ambacho sikudhani kingeingia jikoni mwangu.

Aliyekileta ni binti wa kaka yangu, aliyefanya kazi miaka miwili katika jiko la hoteli huko Dubai. Wakorea hukiita gamja jorim: gamja ni mbatata, na jorim ni chakula kilichotokoswa katika mchuzi wa viungo mpaka mchuzi ukakauka na kukishika. Kwao hakiliwi peke yake. Huwekwa katika kibakuli kando ya wali, pamoja na vibakuli vingine, kila mtu akadokoa. Niliposikia hivyo nilicheka, kwani neno lake tunalo tangu zamani: kitoweo.

Mama yangu hakucheka. Aliinua chupa ya sosi ya soya, akaigeuza kwenye mwanga.

“Mna nini humu?”

“Onja kwanza, bibi.”

“Nitaonja nikishajua ninachoonja.”

Haki ilikuwa yake, tena kwa mambo mawili. Sosi ya soya hutengenezwa kwa maharage ya soya, ngano, chumvi na maji, vikaachwa vichachuke kwa miezi. Baadhi ya watengenezaji huongeza alkoholi ili isiharibike, na huiandika kwenye chupa kwa herufi ndogo mno. Chupa yetu ya kwanza ilikuwa hivyo. Tukaiweka kando, tukaagiza nyingine isiyoongezwa kitu, yenye alama ya halali. Ama kile kidogo kinachojitokeza chenyewe katika kuchachuka, muulizeni sheikh wenu. Mimi ni mpishi tu. Lakini wako wanaotia mirin, na hiyo ni mvinyo mtamu wa mchele. Hapo hapana cha kuuliza. Wala msiambiwe kwamba moto huumaliza wote; haumalizi. Sukari yatosha.

La pili ni presha ya mama. Kijiko kimoja cha mezani cha sosi hii kina chumvi ya gramu 2 na zaidi, na Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Maji ya visima vyetu nayo yana chumvi yake, na mchuzi ukikauka chumvi haiendi popote. Kwa hiyo tumieni maji ya mvua ya jabia, na msiongeze chumvi hata chembe.

Kwa watu sita, menya mbatata nusu kilo, ukate vipande vya kuingia mdomoni mara moja. Viloweke dakika 10 ili wanga utoke, kisha vifute kwa kitambaa vikauke, la sivyo mafuta yatakurukia. Kaanga kwa vijiko viwili vya mafuta, dakika kama 5, mpaka kingo zianze kung'aa. Tia punje tatu za kitunguu thomu kilichopondwa, na kabla hakijaungua, tia sosi vijiko viwili vya mezani, sukari kijiko kimoja na maji kikombe kimoja. Funika kwa moto mdogo dakika 10. Funua, ongeza moto, na ugeuze taratibu mpaka mchuzi uwe mzito na kuvishika vipande. Mwenye mkono mzito asikoroge, atajikuta ana mbatata za kuponda.

Kinachokitimiza ni ufuta. Wakorea humalizia kwa mafuta yake na mbegu zilizokaangwa, na hapo nilijihisi nimo nyumbani. Mwambao wetu wa Lamu ulisafirisha ufuta kwa wingi katika karne ya 19, na mafuta ya uto yalikamuliwa kwa shinikizo lililozungushwa na ngamia. Mafuta ya Wakorea hukamuliwa kutoka mbegu zilizokwisha kukaangwa, hivyo rangi yake ni nzito na harufu ni kali. Ukiwa na uto wetu wa kawaida, zidisha mbegu: zikaange katika kikaango kikavu mpaka zianze kuruka, uzinyunyize juu baada ya kuepua. Uto wenyewe kijiko kimoja cha chai chatosha.

Mama alikula vipande vinne, kimya. Asubuhi yake nilimkuta jikoni na kilichobaki, kimepoa, akikilia kwa mofa.

“Kinakosa ndimu,” akasema, akanisogezea kisu.